Soma Orodha ya Masomo Kabla ya Jina la Chuo: Kusomea Uhandisi wa Bayomedikali Ulaya

Barua ya kwanza niliyoipokea kutoka chuo kikuu cha Ulaya ilikuwa ya kunikataa, na sababu yake ilienea katika sentensi moja: masomo yangu ya hisabati na ya uchakataji wa mawimbi hayakufikisha krediti zinazotakiwa kwa mwombaji wa shahada ya uzamili ya uhandisi wa bayomedikali, yaani uhandisi unaohusu vifaa na mbinu za tiba. Nilikaa nayo jioni nzima nikiisoma na kuirudia, kwa sababu masomo hayo nilikuwa nimeyasoma kwa mihula mitatu na kuyafaulu vizuri. Siku chache baadaye ndipo nilipoitazama nakala ya matokeo yangu kwa jicho la mtu asiyenijua. Iliandika "Hisabati ya Uhandisi" ya kwanza, ya pili na ya tatu, basi. Aliyekuwa akiipitia hakuwa na namna ya kujua kwamba ndani ya majina hayo mlikuwamo kalkulasi, matriki na uchanganuzi wa Fourier, wala kwamba somo lililoitwa "Elektroniki ya Juu" lilikuwa, kwa nusu yake, somo la kukuza na kuchuja mawimbi yanayotoka mwilini. Mwaka uliofuata niliomba tena chuo kilekile, kwa alama zilezile, nikiambatisha kurasa 14 za maelezo ya kila somo: mada zake, saa za darasani, saa za maabara, vitabu vilivyotumika na namna tulivyotahiniwa. Nikapokelewa.

Tangu wakati huo nimeulizwa na wanafunzi wengi kuhusu nafasi za kusoma Ulaya, na karibu wote huanza na swali la nchi: ipi ni rahisi kupata, ipi haina ada, ipi inatoa viza haraka. Ni maswali ya haki na nitayajibu hapa kwa kadiri ninavyofahamu. Hata hivyo, kwanza huwaomba wafungue orodha ya masomo ya programu wanayoitaka na kuisoma yote, kwa sababu fani yetu ina jina moja lakini chini ya jina hilo kuna kazi ambazo hazifanani hata kidogo.

Chukua mifano michache. Eindhoven, Uholanzi, idara ya uhandisi wa bayomedikali imejengeka sana juu ya seli, ukuzaji wa tishu na mitambo ya moyo na mishipa ya damu, na mwanafunzi anayeingia huko hukutana na baiolojia na kemia nyingi kuliko alivyotarajia. Erlangen, Ujerumani, mji ambamo kampuni ya vifaa tiba ya Siemens Healthineers ina shughuli kubwa, fani hiyo huitwa Medizintechnik na ina mkono mzito katika upigaji picha za tiba na uchakataji wake kwa kompyuta. Aachen, pia Ujerumani, kuna mapokeo marefu ya viungo bandia na pampu za kusaidia moyo. Galway, Ayalandi, kampuni za vifaa tiba za Medtronic na Boston Scientific zina viwanda vikubwa, na mtu anayependa stenti (vijibomba vya kutanua mishipa ya damu) na katheta (mirija ya kuingizwa mwilini) atakuwa karibu kabisa na watu wanaozitengeneza. Trieste, Italia, chuo kikuu kina mafunzo ya uzamili yanayohusu uhandisi wa hospitalini, yaani ununuzi, matengenezo na usalama wa vifaa tiba, kazi ambayo wahitimu wengi wa fani hii ndiyo hasa wanayokuja kuifanya. Mtu aliyevutiwa na mashine za MRI, zinazopiga picha za ndani ya mwili, akijikuta maabara ya kukuza gegedu hatakuwa amedanganywa na mtu yeyote. Atakuwa amesoma jina la chuo na kuacha kusoma kilichomo.

Ukishaisoma orodha ya masomo, tafuta jambo la pili, nalo ni umbali kati ya chuo na hospitali. Sisemi umbali wa ramani peke yake, bali iwapo wanafunzi wanaingia wodini, iwapo madaktari wanasimamia tasnifu, na iwapo kuna maabara ya pamoja. Historia ya fani hii barani Ulaya inanipa sababu ya kulishikilia jambo hili. Tarehe 8 Oktoba 1958, katika hospitali ya Karolinska karibu na Stockholm, daktari wa upasuaji Åke Senning alimpandikizia Arne Larsson kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichoundwa na mhandisi Rune Elmqvist. Kifaa cha kwanza kilidumu saa chache tu, kikabadilishwa na kingine, na katika maisha yake Larsson alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20. Alifariki 2001, baada ya mhandisi na daktari wake wote wawili kutangulia. Kifaa kile kisingezaliwa kama mhandisi angebaki karakana yake na daktari chumba chake. Hadi leo, wanafunzi wa chuo cha ufundi cha KTH wanaosomea teknolojia ya tiba huko Flemingsberg wako jirani kabisa na hospitali kuu ya Huddinge, na ujirani wa namna hiyo ndio ninaoutaka uutafute popote utakapoomba.

Nitaeleza kwa nini kwa kisa changu mwenyewe. Tasnifu yangu ilihusu kengele za pampu za kuingiza dawa mishipani. Kwa miezi miwili nilipima sauti, masafa na muda wa kengele nikiwa maabara, nikaandika programu nzuri ya kutofautisha kengele ya hatari na ile ya kawaida. Kisha nikaruhusiwa kukaa wodini kwa siku kadhaa. Pampu ya kwanza niliyoiinamia ilikuwa na plasta nyeupe ya kufungia vidonda, imekunjwa mara mbili na kubandikwa juu ya matundu ya spika. Muuguzi alinieleza kwa lugha yake, pole pole kwa sababu yangu, kwamba mgonjwa wa kitanda kile alikuwa hajalala usiku mbili: kila akikunja kiwiko mrija ulibanwa na mashine ikalia. Hakuna kipimo changu cha maabara kilichokuwa kimenionyesha kiwiko cha mgonjwa. Nilianza sura nzima ya tasnifu upya, safari hii nikichunguza mahali pa kuchoma sindano na namna ya kufunga mrija, na hiyo ndiyo sura ambayo watahini waliuliza maswali mengi zaidi.

Hapo pia ndipo nilipojifunza jambo kuhusu lugha ambalo matangazo ya vyuo hayalisemi wazi. Ni kweli kwamba programu nyingi za uzamili Ulaya hufundishwa kwa Kiingereza, ingawa shahada ya kwanza mara nyingi hufundishwa kwa lugha ya nchi. Hospitalini, hata hivyo, wagonjwa na wauguzi huzungumza Kijerumani, Kiholanzi, Kiitaliano au Kiswidi, na mhandisi asiyeielewa lugha ya wodi atabaki kuhesabu nambari za wengine. Anza kujifunza kabla ya kusafiri. Kama chuo kina kozi ya lugha isiyolipiwa, na vingi vinayo, ichukue kuanzia wiki ya kwanza hata kama ratiba imebana.

Sasa tuje kwenye njia zenyewe za kufika huko. Mwaka 1999 mawaziri wa elimu wa nchi 29 walitia saini azimio la Bologna, na matunda yake ni mfumo wa ngazi tatu, yaani shahada ya kwanza, uzamili na uzamivu, pamoja na hesabu ya pamoja ya krediti inayojulikana kama ECTS. Mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, na krediti moja ni kazi ya saa 25 hadi 30, ukijumlisha darasa, maabara na kujisomea. Jifunze kuyageuza masomo yako katika hesabu hii kabla hujaambiwa, kwa sababu matangazo mengi ya uzamili wa uhandisi wa bayomedikali hutaja krediti za chini zinazohitajika katika hisabati, fizikia, elektroniki au programu, na ndipo mimi nilipoanguka mara ya kwanza. Ikiwa chuo chako hakitumii ECTS, andika saa halisi za kila somo na umwombe mkuu wa idara athibitishe kwa mhuri.

Nafasi ninayoipendekeza kwa moyo wote ni Erasmus Mundus, mpango wa uzamili wa pamoja wenye ufadhili, ulioanza 2004 chini ya Umoja wa Ulaya. Programu ya aina hii huendeshwa kwa pamoja na vyuo visivyopungua vitatu kutoka nchi tatu tofauti, na mwanafunzi husoma katika nchi mbili au zaidi kabla ya kuhitimu. Kwa utaratibu wa 2021 hadi 2027, anayepata ufadhili hulipwa euro 1400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24, halipi ada, na raia wa nchi yoyote anaruhusiwa kuomba. Zamani mwombaji alikuwa na kikomo cha programu tatu kwa mwaka. Siku hizi kikomo hicho kimeondolewa. Uhandisi wa bayomedikali uliwahi kuwa na programu yake yenyewe iliyojulikana kama CEMACUBE, ikiunganisha vyuo kama vile Groningen, Aachen, Dublin na Ghent. Usiyasahau majina hayo, kwa sababu ufadhili wa programu za Erasmus Mundus hutolewa kwa awamu, nao ukimalizika vyuo vilivyozoea kufanya kazi pamoja mara nyingi hubaki na walimu walewale na maabara zilezile. Orodha ya programu zilizo hai hutolewa na wakala wa elimu wa Umoja wa Ulaya huko Brussels, EACEA, na nakusihi utafute humo kwa maneno mengi: upigaji picha za tiba, nanotiba, akili bandia katika afya, biomekanika, vifaa vya kibaiolojia. Programu inayokufaa huenda haina neno "bayomedikali" kwenye jina lake.

Kuna njia nyingine ambayo wanafunzi wengi huipita bila kuiona, kwa sababu haitangazwi kwa mtu mmoja mmoja. Tangu 2015, Erasmus+, mpango wa elimu wa Umoja wa Ulaya, inawaruhusu wanafunzi wa vyuo vya nje ya Ulaya kwenda kusoma chuo cha Ulaya kwa muhula mmoja au miwili, kisha kurudi kumalizia shahada yao nyumbani, wakilipiwa posho ya mwezi na nauli. Sharti ni kwamba chuo chako na kile cha Ulaya viwe na makubaliano. Kwa hiyo mlango wa kuugonga ni ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chako mwenyewe, ukauliza makubaliano yapo na nani na kama yanahusu idara yako. Kama hayapo, mwalimu mmoja mwenye mwenzake Ulaya anaweza kuyaanzisha, ingawa yatawafaa watakaokuja nyuma yako. Kwa anayetaka mafunzo kwa vitendo badala ya muhula wa darasani, shirika la IAESTE, lililoanzishwa 1948 katika Imperial College, London, hubadilishana nafasi za kazi za muda kwa wanafunzi wa sayansi na uhandisi kupitia kamati za nchi mbalimbali.

Kuhusu ada, nitasema kwa ufupi, kwani mambo haya hubadilika na kila mtu anapaswa kuyahakiki mwenyewe mwaka anaoomba. Vyuo vya umma vya Ujerumani kwa sehemu kubwa havitozi ada ya masomo, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg, linalotoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1500 kwa muhula tangu 2017, na chuo cha ufundi cha Munich, TUM, kilichoanza kuwatoza 2024. Kukosa ada hakumaanishi kukosa gharama: kwa viza ya Ujerumani unatakiwa kuonyesha fedha za mwaka mzima, ambazo kwa kiwango kilichoanza Septemba 2024 ni euro 11,904, zikiwekwa katika akaunti maalumu inayokutolea sehemu kila mwezi, au uwe na barua ya ufadhili. Nchi za kaskazini zilizokuwa zikisifiwa kwa elimu ya bure zimefunga mlango huo mmoja baada ya mwingine kwa wanaotoka nje ya Ulaya: Uswidi 2011, Ufini 2017, Norwei 2023. Italia ina utaratibu ambao ningependa ujulikane zaidi, yaani misaada ya mikoa inayotolewa kwa kuangalia kipato cha familia, na anayeipata husamehewa ada na kusaidiwa chakula na malazi, hata akiwa raia wa nje. Nyaraka zake za kipato ni nyingi na zinahitaji kutafsiriwa na kuthibitishwa, na wengi hukata tamaa njiani, lakini nimewaona wanafunzi waliosoma Milano kwa njia hiyo wakahitimu bila deni. Uingereza ina uzamili wa mwaka mmoja na ufadhili wa Chevening, unaodai uzoefu wa kazi wa miaka miwili na ahadi ya kurudi nyumbani.

Kwa uzamivu, hesabu ni nyingine kabisa. Mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, mpango wa Umoja wa Ulaya, huajiri watafiti wa uraia wowote kwa mkataba wa kazi wenye mshahara, na nafasi hutangazwa katika tovuti ya EURAXESS. Mpango huu una sharti moja ambalo limewaponyoka watu werevu: katika miezi 36 kabla ya kuajiriwa, usiwe umeishi au kufanya shughuli zako kuu kwa zaidi ya miezi 12 katika nchi ya taasisi inayokuajiri. Mwanafunzi aliyemaliza uzamili wa miaka miwili Delft hawezi kuajiriwa papo hapo na taasisi ya Uholanzi chini ya mpango huo, lakini anaweza kuajiriwa Leuven, Barcelona au Zurich. Uzamili wako, kwa maneno mengine, unaamua uzamivu wako utafanyika wapi. Mwenye ndoto ya maabara fulani ya nchi fulani afikirie iwapo uzamili ausomee nchi jirani.

Barua ya kueleza nia ndiyo sehemu ambapo naona juhudi nyingi zikipotea. Waombaji huandika kwamba tangu utoto walitamani kuokoa maisha, na huenda ni kweli, ila msomaji wa barua 300 hawezi kuwatofautisha. Andika kitu ulichokishika kwa mikono. Mmoja wa wanafunzi niliowasaidia alikuwa amejenga amplifaya ndogo ya ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, kwa mradi wa mwaka wa tatu, na mstari wa moyo ulitoka mnene kama kamba kwa sababu ya mtetemo wa hezi 50 wa umeme wa ukutani. Alijaribu kuondoa mtetemo huo kwa kichujio kimoja na kingine, hadi alipong'amua kwamba tatizo lilikuwa ngozi: elektrodi zilikuwa zimekauka, na mguso wa mkono mmoja ulikuwa na ukinzani mkubwa kuliko wa mwingine. Alisugua ngozi kidogo kwa pamba yenye spiriti, akabadilisha elektrodi, mstari ukasafika. Nilimwambia aandike aya hiyo kama alivyonisimulia na kufuta ukurasa mzima wa kwanza wa barua yake. Mwalimu aliyemhoji hakumuuliza jambo jingine kwa dakika 20, na pale pale ikajulikana kwamba alielewa kwa nini elektrodi ya mguu wa kulia haipimi moyo bali hurudisha mwilini umeme wa kusawazisha.

Ukiwa huko, usiache kusoma sheria za vifaa tiba kwa kudhani ni kazi ya mawakili. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2017/745 ilianza kutumika tarehe 26 Mei 2021, na imebadilisha namna kila kifaa, kuanzia bandeji hadi kiungo bandia cha nyonga, kinavyothibitishwa kabla ya kuingia sokoni. Mhitimu anayeweza kuandika faili la kiufundi na kuchambua hatari hupata kazi upesi kuliko mwenzake mwenye alama za juu zaidi katika kalkulasi. Nimeliona hili mara nyingi kiasi kwamba silisemi kwa kubahatisha. Mradi mmoja ulionigusa katika eneo hili uliitwa kwa neno letu wenyewe, UBORA. Uliongozwa na Chuo Kikuu cha Pisa kwa fedha za Horizon 2020, mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya, ukawaleta pamoja wanafunzi wa Ulaya na wa Afrika kubuni vifaa tiba vya wazi, ambavyo michoro yake yeyote anaweza kuitumia, na tangu siku ya kwanza walifundishwa kubuni kwa kufuata kanuni za usalama za Ulaya. Shule yake ya kwanza ya ubunifu ilifanyika Nairobi Desemba 2017, na ya pili Pisa Septemba 2018. Shule fupi za namna hii hazitoi shahada, lakini huko ndiko mwanafunzi anakokutana na profesa ana kwa ana, na barua ya mapendekezo itokayo kwa profesa aliyekuona ukifanya kazi ina uzito wake.

Kuhusu kalenda: maombi mengi ya Erasmus Mundus hufunguliwa kati ya Oktoba na Januari kwa masomo yanayoanza vuli inayofuata, na Uswidi hufunga maombi yake ya kimataifa katikati ya Januari. Ukirudi nyuma kutoka hapo, mtihani wa lugha unapaswa kuwa umefanyika kufikia Septemba, na walimu wanaokuandikia barua wawe wamejua tangu Agosti. Maelezo ya masomo, zile kurasa 14, ndiyo yanayochelewa kuliko yote, kwa sababu silabasi moja iko kwa mwalimu aliyestaafu, nyingine iko kabatini, na mhuri uko kwa mtu aliye likizo. Mimi nilianza kuzikusanya mwezi Juni, na ukurasa wa mwisho niliupata wiki ya kwanza ya Desemba.